Mtu akipotea Mutarule: namna ya kupanga kumtafuta, kuanzia saa ya kwanza

Ngombe wamerudi peke yao saa kumi na mbili ya magaribi, kijana aliyewachunga haonekani. Ama mama ametoka asubuhi kwenda shamba la mihogo upande wa Ruzizi, na mpaka usiku mlango wake ungali umefungwa. Mutarule na lokalite za jirani kama Luberizi, Sange na Luvungi, habari ya namna hii haishangazi mtu tena. Kinachobadilika ni kile wakaaji wanachofanya katika saa ya kwanza. Pahali pengine kila mmoja anakamata torshi na kukimbia upande wake, na kesho yake hakuna anayeweza kusema nani alipita wapi. Pahali pengine watu wanapoteza nusu ya usiku wakibishana kama ni kwenda polisi, kwa kapita, ama kwa nabii.

Kumtafuta mtu ni kazi yenye utaratibu wake. Haiombi helikopta wala mbwa wa polisi. Inaomba kwanza mkuu mmoja, daftari moja na maulizo machache yaulizwe vizuri.

Saa ya kwanza

Ulizo la kwanza ni hili: nani alimwona mara ya mwisho, pahali gani, saa ngapi? Jibu la “alikuwa upande wa shamba” halitoshi. Shamba gani, karibu na mti gani ama mfereji gani, alikuwa ameelekea wapi, alibeba nini? Pahali hapo pa mwisho ndipo kila kitu kitaanzia. Panafaa kulindwa mara moja, watu wasipakanyage, ju alama ya mguu kwenye tope ya mfereji wa mpunga inaonyesha njia vizuri kuliko mashahidi kumi. Ikishakanyagwa na vijana makumi mbili wenye kuwa na haraka, haitasema kitu tena.

Kisha yanakuja maulizo juu ya mtu mwenyewe. Ana miaka mingapi? Amevaa nini, rangi gani, viatu vya aina gani? Anaumwa kifafa, sukari, ana mimba, haoni vizuri? Alikuwa na simu, na namba yake ingali inaita? Alikuwa amegombana na mtu nyumbani? Ulizo hili la mwisho linauma, na familia nyingi zinalificha ju ya haya. Lakini kijana aliyekimbia hasira ya baba yake hatafutwi pahali pamoja na kijana aliyeanguka mtoni. Anayeuliza amwite mama ama kaka kando, asiulize mbele ya watu wote wa mtaa.

Yote yanaandikwa katika daftari, na mkuu wa kazi ni mmoja. Kwa kawaida ni mkubwa wa lokalite, bwana kapita, ama mtu anayemchagua yeye. Yeye ndiye anayepasha habari kwa shefu wa grupema, polisi na mkuu wa kikosi cha FARDC kilicho karibu. Wakati huohuo mtu mmoja anabaki nyumbani kwa aliyepotea na simu iliyo na moto. Wapotevu wengi, zaidi sana watoto, wanarudi wenyewe. Inasikitisha kuona watu thelathini wanakesha porini na mtoto amelala kwa shangazi yake tangu saa mbili.

Mtoto mdogo anatafutwa kwanza ndani na karibu: chini ya kitanda, ndani ya gunia, nyuma ya choo, katika gari bovu, ndani ya kisima, katika mfereji. Mtoto mwenye woga anaweza kusikia jina lake likiitwa na akanyamaza, ju anafikiri atachapwa. Kwa hiyo anayeita awe mama ama mtu anayemzoea. Na kila kisha kuita, watu wote wanyamaze dakika moja nzima. Makelele yasiyokatika yanaziba sauti ileile wanayoitafuta.

Hesabu ya duara

Watu wengi hawaelewi kwa nini haraka ni ya lazima, wala kwa nini kukimbia bila mpango hakuna faida. Hesabu ndogo inaonyesha yote mawili.

Mtu anayetembea polepole porini anafanya kama kilometa 3 kwa saa. Kisha saa moja, anaweza kuwa pahali popote ndani ya duara la kilometa 3 kuzunguka pahali pa mwisho alipoonekana. Duara hilo lina karibu kilometa za mraba 28. Kisha saa tatu, duara limefika kilometa 9, na ndani yake kuna karibu kilometa za mraba 254. Muda umezidi mara tatu, eneo limezidi mara tisa.

Sasa tazama upande wa watafutaji. Watu 20 wanaojipanga msitari, mita 10 kati ya mmoja na mwingine, wanafunika upana wa mita 200. Ndani ya mihogo mirefu hawafanyi zaidi ya kilometa moja kwa saa. Maana yake, kwa saa nzima wamemaliza sehemu moja ya tano ya kilometa ya mraba. Lile duara la kwanza peke yake lingewaomba saa 140. Ndiyo sababu msitari wa watu hautumiwi mwanzoni. Unakuja nyuma, wakati kuna sababu ya kuamini kwamba mtu yuko katika kipande fulani kidogo.

Kinachofanyika kwanza ni mambo mawili kwa mara moja. Vikundi vidogo vya watu wawili ama watatu, wanaojua eneo, wanapita haraka njia zote zinazotoka pale pahali pa mwisho: njia ya shamba, njia ya mto, njia ya malisho, njia ya soko. Na watu wengine wanawekwa pahali ambapo mtu hawezi kukosa kupita, yaani kwenye madaraja, vivuko, bariera na maegesho ya moto kwenye RN5. Wamotari na mama wauza matunda wanapashwa habari, ju macho yao yako barabarani tangu asubuhi mpaka usiku. Hivi duara halikui tena bila mtu kujua.

Bonde la Ruzizi lenyewe linasaidia. Magaribi kuna milima, mashariki kuna mto ambao ni mpaka na Burundi. Duara la kwenye karatasi linakatwa pande mbili, na mtu asiyejeruhiwa mara nyingi atafuata kaskazini ama kusini, ju ndivyo njia zinavyokwenda. Mzee aliyechanganyikiwa, yeye, anaweza kwenda moja kwa moja mpaka kitu kimzuie: mfereji, uzio wa miti, kichaka. Hapo ndipo wanamkuta, mara nyingi si mbali na nyumba, ameketi.

Kila kipande kilichopitiwa kinaandikwa katika daftari: saa ngapi, nani, na walipita namna gani. Fundo la jani ama kitambaa kwenye mti linaonyesha mwisho wa kipande. Kila kikundi kinapewa saa ya kurudi, na kikichelewa mkuu anajua mara moja kwamba sasa anatafuta watu wengi zaidi.

Bonde lenye kumbukumbu

Mutarule kuna jambo moja ambalo vitabu vya watafutaji wa nchi zingine haviandiki. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wenye silaha walishambulia Mutarule, pamoja na waamini waliokuwa katika ibada. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu wasiopungua 30 waliouawa, wake na watoto wakiwa ndani. Kambi ya MONUSCO ilikuwa kilometa 9 kutoka pale. Shirika hilo liliandika kwamba si jeshi la taifa, si walinda amani waliofika kuzuia, hata kama waliitwa. Viongozi wa jimbo walianza kwa kuongelea mzozo juu ya ngombe. Miaka miwili mbele, Aprili 2012, Mwami wa Bonde la Ruzizi alikuwa ameuawa, na uhusiano kati ya Wafuliiru na Warundi ulikuwa umeharibika sana.

Hiyo si historia tu. Kikundi cha vijana thelathini wa kabila moja, na mapanga na matorshi, wakiingia usiku katika malisho ya kabila lingine na kupiga makelele, hakuna atakayefikiri kwamba wanatafuta mtoto. Mtu mmoja amepotea. Kesho yake wanaweza kulia kumi. Ndiyo sababu wazee wa pande zote wanapigiwa simu mbele watafutaji hawajavuka kwenda upande wao, na vikundi vinachanganywa. Mfuliiru, Mrundi na Mnyamulenge wakitembea pamoja, salamu yao inasikilizwa. Mapanga yanabaki nyumbani. Fimbo inatosha kufungua majani.

Usiku, hakuna kikundi kinachotoka bila mkuu wa FARDC na polisi kujua kinapita wapi. Askari wa lindo hawezi kutofautisha torshi ya mtafutaji na ya mshambuliaji. Kama jibu ni kwamba eneo halina usalama, kazi ya usiku inabaki ile ya kuuliza, kupiga simu na kulinda njia, na pori linangoja saa kumi na mbili ya asubuhi. Ni uamuzi mgumu kwa mama anayelia, lakini kupoteza watafutaji hakumrudishi mtoto. Na mtu yeyote akiona bomu, risasi kubwa ama kitu cha chuma asichokijua, asikiguse: anaweka alama mbali kidogo, anarudi kwa njia ileile aliyokuja nayo, anapasha habari.

MONUSCO iliondoka Kivu ya Kusini tarehe 30 Juni 2024. Wale waliozoea kupigia simu kambi yake wanapaswa kujua kwamba mlango ule umefungwa, na orodha ya namba iliyobandikwa kwa kapita inafaa kurekebishwa.

Kama simu inaita na kuomba franka ama dola, kazi inabadilika kabisa. Watafutaji wanarudishwa, mtu mmoja tu wa familia anajibu, anaandika saa, namba na maneno, na anaomba kusikia sauti ya ndugu yake. Polisi inapashwa habari kimyakimya. Radio haitangazi kitu.

Maji

Wengi wanaopotea upande huu wanapotelea ndani ya maji, na maji ya hapa ni ya aina tatu.

Kuna mito inayoshuka kutoka milimani: Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba, na kule mjini Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Mvua inaanguka juu, jua linawaka chini, na maji yanafika yakiwa na mawe na miti. Usiku wa tarehe 16 kuelekea 17 Aprili 2020, Mulongwe ilifurika, ikabeba daraja na maelfu ya nyumba mjini Uvira, na makumi ya watu walikufa. Wale waliorudi ndani kutafuta vyombo ni kati ya wale wanaokufa katika mafuriko ya namna hii. Maji yenye kasi yanayofika magoti tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Anayetaka kuokoa asiingie mtoni kama hajajaribu kwanza kutupa kitu. Bidoni ya manjano ya litre 20, tupu, iliyofungwa vizuri na kufungiwa kamba, inaelea na mtu anaweza kuishika. Kila nyumba inayo. Na kamba haifungwi kiunoni mwa muokoaji kwa fundo lisilofunguka, ju maji yatamvuta chini na kamba itamshikilia palepale.

Aliyetolewa majini bila kupumua anawekwa chini pagumu, mgongoni. Asining’inizwe kichwa chini, tumbo lake lisikanyagwe, hata kama wazee wamezoea. Anapewa pumzi tano kwa kinywa, pua ikizibwa, kisha anakandamizwa katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 30, pumzi 2, tena 30, bila kuacha, mpaka apumue ama apate muganga. Akiamka, anapelekwa lopitali hata kama anasema yuko sawa, ju mapafu yaliyoingia maji yanaweza kukataa saa chache nyuma.

Ruzizi yenyewe ni pana, ya tope, ina viboko na mamba. Kumtafuta mtu hapo kunafanywa kutoka kwenye kingo na ndani ya mitumbwi ya watu wanaojua mto, mchana tu. Mtu aliyebebwa anatafutwa kwanza kwenye kona za nje za mto, kwenye miti iliyoanguka na kwenye visiwa vya matete, pahali mto unapoangusha takataka zake. Wavuvi wa chini, mpaka kwenye mlango wa ziwa, wanapashwa habari siku ileile.

Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Lina kina cha mita 1,470 pahali pa mwisho. Mnamo Desemba 2014, meli MV Mutambala ilizama karibu na Kalemie na watu 129 walikufa. Zaidi ya 200 waliokolewa. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, mtumbwi mkubwa Merdi ulipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiuona kutoka bandarini. Shida ya kwanza pande hizo ilikuwa kujua ni wangapi walikuwa ndani. Bila orodha ya wasafiri, haijulikani siku gani kazi imekwisha. Familia inayosindikiza mtu Kalundu ama Baraka inaweza kuandika yenyewe jina la boti, saa ya kuondoka na nguo aliyovaa, ama kupiga picha kwa simu. Kwa mtumbwi wa uvuvi uliokosa kurudi, mkuu anauliza upepo ulivuma toka wapi usiku ule. Mtumbwi wenye motere mbovu hauzami lazima. Unafuata upepo, na mara nyingine unafika upande wa Burundi.

Mwili uliozama katika maji ya moto kama ya hapa mara nyingi unapanda kisha siku mbili mpaka nne, karibu na pale ulipozamia kama mkondo si mkali. Kwenye kina kirefu sana unaweza kukosa kupanda. Wavuvi wanajua hayo, na ni vizuri familia iambiwe na mtu anayejua, kuliko kuachwa ufukweni wiki mbili.

Waliotengana katika kukimbia

Mnamo Februari 2025, vita vilipokaribia, makumi ya maelfu ya watu wa bonde walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu ndani ya maji, na kuna waliozama. Wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, jimbo la Cibitoke, na sehemu yao wakapelekwa nyuma katika kambi ya Musenyi, kusini-mashariki ya Burundi. Mtoto aliyeachana na mkono wa mama yake katika mkimbizano wa namna ile hatafutwi kwa torshi. Anatafutwa kwa karatasi.

Kazi hiyo inafanywa na Croix-Rouge ya RDC na ile ya Burundi, pamoja na CICR. Familia inafika kwa volontere, inajaza ombi la kutafuta: majina yote, hata ya utani, majina ya wazazi, kijiji, pahali na siku ya kutengana. Ni bure. Anayeomba pesa ju ya kazi hiyo ni mwongo. Mtoto aliyepatikana peke yake anaandikishwa kwanza pale alipo, asihamishwe haraka na mtu mwema wa kumpeleka mji mwingine, ju kila safari inamtenga zaidi na wanaomtafuta.

Radio inasaidia ikipewa komunike safi: jina, umri, nguo, pahali na saa ya mwisho, na pa kupeleka habari, bora kwa kapita ama polisi. Namba ya simu ya familia ikisomwa hewani, kesho wanapiga matapeli wakisema wanaye. Komunike ya mtoto haisemi anakaa na nani sasa. Na akipatikana, radio inapashwa habari ili itangaze hivyo. Kuna majina yanayosomwa miezi mitatu na mwenyewe yuko shuleni.

Kama ni mwili

Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka Sange, watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wakiwa wameungua mpaka uso hautambulikani, wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe, mafuriko yaliua zaidi ya watu 400, na tena makaburi ya pamoja yakachimbwa, watu wakinung’unika juu ya namna wapendwa wao walivyozikwa.

Haraka hiyo inatoka katika imani kwamba maiti inaleta ugonjwa. Mtu aliyekufa kwa maji, kwa moto ama kwa risasi haleti epidemia. Kipindupindu na Ebola ndiyo vinaomba wahudumu wenye mavazi maalum. Kwa wengine, kuna wakati wa kupiga picha ya uso, ya nguo, ya kovu, kuandika namba moja kwenye mwili, kwenye daftari na kwenye kaburi, na kuzika kila mmoja pake. Jina linaweza kukosekana leo na kupatikana kisha mwaka.

Kama mwili haupatikani, Kodi ya familia ya RDC, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inaruhusu familia kuomba tribunali itangaze kifo cha mtu aliyepotelea pahali penye hatari ya kifo. Hapo daftari la kapita, lenye saa, majina ya mashahidi na vipande vilivyopitiwa, linakuwa ushahidi mbele ya hakimu, kwa mjane anayetaka kubaki katika parsele yake na kwa watoto. Ombi la Croix-Rouge, lenyewe, halifungwi na hukumu hiyo. Familia inayohama ama kubadilisha namba ya simu inarudi kwa volontere kumwambia namba mpya.